Betri Ilisingiziwa: Namna ya kutafuta ubovu wa chaji katika Land Rover kuukuu

Kisa hiki kilitokea katika shamba moja la chai upande wa Fort Portal, magharibi mwa Uganda. Mimi hapo ni fundi wa umeme wa magari, na pia ni mjumbe wa kamati ya tawi. Shamba lina malori na matrekta, lakini lina pia Land Rover kuukuu ya Series IIA, injini ya petroli, aina iliyoundwa Uingereza kati ya mwaka 1961 na 1971. Mvua zikianza na njia ya kambi za juu ikigeuka tope, malori hubaki chini na gari hilo la kizee ndilo linalopanda. Usiku ndilo linalopeleka mgonjwa zahanati, au mama mwenye uchungu. Lisipowaka, wanaoteseka ni wafanyakazi na watoto wao.

Basi gari hilo katika muda usiofika mwaka mmoja na nusu lilimaliza betri tatu. Ya kwanza ilipokufa hakuna aliyeuliza. Ya pili ilipokufa, msimamizi wa usafiri alisema dereva analala na taa zikiwaka, akakatwa nusu ya bei ya betri katika mshahara wake. Ya tatu ilipokataa kuwasha gari, maneno yalikuwa mazito zaidi: dereva anauza betri nzima mjini na kurudisha mbovu. Akapewa barua. Atalipa bei yote kwa miezi minne, na likitokea tena atafukuzwa kazi.

Dereva aliniletea barua hiyo jioni nikiwa nafunga gereji. Ni mtu mzima, ana watoto watano. Akasema, "Mjumbe, taa nazima. Nikishuka nazunguka gari lote naangalia kila taa. Huo mshahara ukikatwa miezi minne, nyumbani watakula nini?"

Kamati ilikutana kesho yake. Wengine walitaka tugome mara moja. Katibu alisema, na mimi nilimwunga mkono, kwamba tukianza kwa kelele tutajibiwa kwa kelele. Tuombe jambo moja tu: gari lipimwe mbele ya dereva, mbele ya msimamizi na mbele ya kamati, kabla shilingi nyingine haijakatwa. Tulimkumbusha meneja kwamba Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, katika kifungu chake cha 8, unasema makato ya mshahara yaruhusiwe tu kwa masharti yaliyowekwa na sheria ya nchi, mapatano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Tuhuma ya msimamizi haimo. Meneja akakubali, tukapewa Jumamosi asubuhi.

Kabla sijaeleza tulichokiona, napenda wenzangu wasio mafundi waelewe jinsi umeme wa gari unavyokwenda, maana ujinga wetu ndio unaotufanya tusingiziwe.

Betri ni pipa la maji. Dainamo ni pampu inayolijaza, na mkanda wa feni ndio unaoizungusha pampu. Stata inapozungusha injini huchota maji mengi kwa mara moja, ampea mia na zaidi kwa sekunde chache. Baada ya hapo pampu hurudisha yaliyochotwa, huku taa na moto wa plagi zikiendelea kuchota. Katika Series IIA dainamo ya kawaida ni Lucas C40, na nguvu yake ya juu ni ampea 22 hivi. Taa mbili kubwa za wati 60 kila moja zinakula ampea 10. Ongeza taa ndogo, ongeza plagi, ongeza taa ya ziada aliyofungiwa na mtu fulani mbele ya rejeta, na utaona kwamba hakuna ziada kubwa. Tena dainamo, tofauti na alteneta, haitoi kitu cha maana injini inaponguruma polepole. Gari linalotambaa shambani, likisimama kila banda la kupimia majani, linakula betri hata kama kila kitu ni kizima. Jambo hilo peke yake lingetosha kumtetea dereva kidogo, ila hatukutaka kumtetea kidogo.

Kati ya pampu na pipa kuna kisanduku ambacho mafundi hukiita katauti. Ndani yake mna viungo viwili. Kimoja hufunga njia dainamo inapozidi betri kwa nguvu, na huifungua injini inapozimwa ili umeme usirudi nyuma. Kingine huzuia dainamo isijaze kupita kiasi. Mwisho, kuna njia ya kurudia. Umeme hutoka betri kwa waya, lakini hurudi kwa chuma cha gari: injini, chasisi na bodi, hadi waya mnene wa athi unaorudi kwenye betri. Njia hii ya kurudi watu huisahau kwa sababu haionekani kama waya.

Sasa Jumamosi. Gari lilikuwa limelala usiku kucha. Tulianza na betri yenyewe, ile ya tatu iliyodaiwa kuwa maiti. Mita ilionyesha volti 12.3. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha 12.6 au 12.7, ikiwa nusu huwa 12.2, chini ya 12 imekwisha. Kwa hiyo hii ilikuwa na zaidi kidogo ya nusu. Haikuwa maiti. Nikapima maji ya kila chumba kwa haidromita, vyumba vyote sita. Vilikaribiana. Chumba kimoja kikiwa chini sana kuliko vingine, hapo betri imeharibika na huna la kufanya, lakini vikishuka vyote pamoja maana yake ni njaa tu: betri haijazwi.

Msimamizi akasema, "Basi washa." Dereva akabonyeza. Stata ikaguna mara moja kama mtu anayeamka na homa, ikanyamaza. Msimamizi akatutazama kama aliyeshinda kesi.

Nikamwomba dereva abonyeze tena, mita ikiwa juu ya terminali mbili za betri. Ilishuka hadi 10.8 tu. Wenzangu, hapa ndipo penye siri, na ninaomba msome polepole. Betri iliyochoka, stata ikichota, huanguka hadi 9, 8 au chini zaidi. Hii ilisimama kwenye 10.8 na bado stata haikuzunguka. Umeme ulikuwapo, ila haukufika.

Nikaweka waya mmoja wa mita juu ya terminali ya hasi, na wa pili nikaugusisha kwenye chuma cha injini kilichokwanguliwa rangi. Gari letu ni la miaka ya mwisho ya aina hiyo, kwa hiyo athi yake ni hasi. Nyingi za kabla ya mwaka 1967 zina athi chanya, na asiyejua hilo anaweza kuunguza vitu. Nikasema, bonyeza. Njia ya kurudia ikiwa nzima, mita haipaswi kuonyesha zaidi ya nusu volti. Ilionyesha 3. Volti tatu zilikuwa zinapotea kati ya injini na betri, na stata ilibakiwa na 7.8, ambazo hazitoshi hata kumwamsha mbuzi.

Kwa wale wasio na mita kuna njia ya kizamani. Bonyeza stata mara tatu nne, kisha pitisha vidole kwenye kila kiungo cha waya mnene. Kiungo kibovu kitakuwa cha moto. Dereva mwenyewe ndiye aliyepitisha mkono chini, pale waya wa athi unapofungwa kwenye chasisi, akauondoa haraka. "Huyu hapa," akasema.

Tulifungua ile bolti kwa shida. Chini ya kichwa cha waya palikuwa na kutu nyekundu na unga mweupe, miaka mingi ya tope na asidi. Juu palionekana pazuri kabisa, pamepakwa hata rangi. Watu hupenda kusema Land Rover haishiki kutu, kwa kuwa bodi yake ni ya alumini. Bodi ndiyo, chasisi ni chuma. Tulikwangua hadi chuma kikang'aa, tukasugua kichwa cha waya kwa msasa, tukabadilisha bolti na washa, tukafunga kwa nguvu, kisha tukapaka grisi juu. Tukasafisha pia waya wa athi unaounganisha injini na chasisi. Huo ni wa muhimu kwa sababu injini imekaa juu ya raba. Ukikatika, umeme hutafuta njia nyingine, na mara nyingi hupita kwenye kebo ya choki hadi ikatoa moshi. Ukiona kebo ya choki ina joto, usilaumu choki.

Dereva akabonyeza. Injini ikawaka kwa mara moja, kwa betri ile ile iliyokuwa imeandikiwa barua.

Hapo wengine walitaka kwenda nyumbani. Lakini stata kuzunguka hakuonyeshi kwamba betri inajazwa, na tulikwisha kuona kwamba ilikuwa na njaa. Tukaacha injini izunguke kwa mwendo wa kati na kupima betri. Gari zima litaonyesha karibu na 14. Likizidi sana, tuseme 15 na zaidi, linajaza kupita kiasi na maji ya betri yatachemka na kukauka. Likibaki pale pale lilipokuwa kabla ya kuwashwa, halijazi. Letu lilionyesha 13 kamili. Tukawasha taa kubwa. Ikashuka hadi 12.2, taa nyekundu ya chaji ikaanza kung'aa hafifu, na mkanda ukalia.

Mkanda! Nilibonyeza kwa kidole gumba katikati, ukazama zaidi ya inchi moja. Unapaswa kuzama kama nusu inchi, yaani milimita 12 hivi. Tena ulikuwa umelika hadi unakaa chini kabisa ya puli, pande zake zinang'aa kama kioo. Mkanda wa namna hiyo huteleza palepale unapotakiwa kufanya kazi: usiku, taa zikiwaka, wakati wa mvua. Mchana bila taa hujifanya mzima. Ndiyo maana kila mara gari lilipopeleka mgonjwa usiku, asubuhi yake halikuwaka, na ndiyo maana ilionekana kana kwamba dereva alilala na taa.

Tulifunga mkanda mpya. Na taa zikiwaka, mita ikapanda hadi 13.9.

Kuna jambo jingine lililokuwa likinikera. Betri ya pili ilipokufa, fundi mmoja wa mjini aliitwa, akatoa dainamo na kuuzia shamba nyingine. Ile ya zamani ilikuwa bado stoo. Nikaomba tuifunge tuipime, ili ijulikane. Kipimo chake ni rahisi, na kila gereji ya shamba inaweza kukifanya. Ondoa nyaya mbili kwenye dainamo, ile ya terminali kubwa D na ile ya terminali ndogo F. Unganisha D na F kwa kipande cha waya. Weka mita kati ya waya huo na chuma cha dainamo, washa injini, na ongeza mwendo polepole. Volti zinapaswa kupanda haraka na kwa utulivu. Zikifika 20 usiongeze tena, usije ukaiunguza. Mita isipoonyesha kitu, angalia kaboni kama zimekwisha au zimekwama. Ikionyesha nusu volti hadi moja, ubovu uko kwenye koili za sumaku. Ikionyesha 4 au 5, ubovu uko kwenye ile sehemu inayozunguka. Dainamo ya stoo ilipanda vizuri hadi 18 na nikazima. Haikuwa na ugonjwa wowote.

Na hapa niwaonye wanaofunga dainamo ya mtumba. Kabla ya kuitumia hapana budi kuipa sumaku ya upande unaolingana na gari lako: nyaya zikiwa zimeondolewa, gusa F kwa waya unaotoka kwenye terminali ya betri isiyo ya athi, mguso mfupi wa kitambo tu, mara mbili tatu. Usipofanya hivyo, dainamo iliyotoka kwenye gari la athi chanya itachaji kinyume na kuunguza viungo vya katauti. Katauti yenyewe msiiguse kwa koleo. Nimeona watu wakikunja springi zake kwa kukisia, na baada ya wiki dainamo imeungua. Kwanza maliza nyaya, athi, mkanda na kaboni. Na ukizima injini ukakuta dainamo ina joto linalozidi au waya unanuka, viungo vya katauti vimegandana. Toa waya wa betri upesi kabla gari halijashika moto.

Wenzetu wenye Series III, iliyoundwa mwaka 1971 hadi 1985, wana alteneta, na kwao mambo ni tofauti kidogo. Usijaribu mchezo wa kugusa F. Usitoe waya wa betri injini ikizunguka, wala usichomelee chuma kabla ya kutenganisha alteneta. Na glopu ya taa ya chaji ikiungua, ibadilishe, kwani umeme unaopita ndani yake ndio unaoiamsha alteneta. Wengi wamenunua alteneta kwa sababu ya glopu.

Kipimo cha mwisho tulikifanya kwa ajili ya jina la dereva. Tulizima kila kitu, tukatoa waya wa athi, tukaweka glopu ndogo ya wati 5 kati ya waya huo na terminali ya betri. Ikiwaka, kuna mahali umeme unavuja gari likilala, na inabidi kutoa fyuzi na nyaya moja moja hadi izimike. Yetu haikuwaka. Hakuna kilichokuwa kikivuja.

Wakati wote huo nililazimika kumfokea kijana mmoja mwanafunzi wetu aliyesogea na sigara. Betri inayojazwa hutoa gesi inayolipuka kwa cheche moja. Anayefanya kazi hiyo atoe pete na saa, atoe waya wa athi kwanza na kuurudisha mwisho, avae miwani na glavu. Asidi ikiingia machoni, maji safi mengi, dakika 15 au zaidi, kisha hospitali. Ukichanganya asidi, mimina asidi kwenye maji. Kinyume chake huruka usoni. Miwani na glavu ni wajibu wa mwajiri kuvitoa, na gereji yetu ilikuwa na miwani moja iliyopasuka. Hilo nalo tuliliandika.

Zilibaki betri mbili zilizokwisha kutupwa stoo. Nilizichaji polepole, siku mbili. Moja ilirudi, na mpaka leo inafanya kazi kwenye trekta. Ya pili ilikuwa imekaa tupu miezi mingi, ikagandamana ndani. Vijana waliniomba waivunje wayeyushe risasi ya kutengeneza vyuzi vya kuvulia samaki. Nilikataa. Risasi ni sumu ya damu na ya ubongo, zaidi kwa watoto. Majirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofanya kazi kuanzia mwaka 2007 hadi 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya rufaa ndefu Mahakama ya Juu ikaithibitisha amri hiyo Desemba 2024. Betri mbovu irudi kwa muuzaji, ikiwa nzima, na maji yake ndani.

Jumatatu tulimpelekea meneja karatasi moja yenye vipimo vyote, imetiwa sahihi na msimamizi pia. Nampa haki yake: alisaini bila kubishana. Barua ya dereva ilifutwa, na nusu ya bei ya betri ya pili akarudishiwa kwa mishahara miwili. Kuhusu dainamo ya mjini hakuna aliyelipa. Mkanda wa feni uligharimu kidogo kuliko karatasi na mafuta ya pikipiki vilivyotumika kuleta barua.

Tuliomba na tukapewa daftari la gari. Humo kila betri huandikwa namba iliyopigwa juu yake na tarehe iliyofungwa, na kila mwezi mimi na dereva tunaandika volti za asubuhi, volti injini ikizunguka na taa zikiwaka, na kama mkanda unazama nusu inchi. Ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa mkono wa dereva mwenyewe. Betri iliyofungwa gari Jumamosi ile, ile ya tatu, ilidumu miaka mitatu na miezi minne.